Jiwe la Kipushi na Mkondo wa Upande Mmoja: Historia Fupi ya Diodi, Ugavi wa Umeme na Transista

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa lugha iliyo wazi, historia ya mambo matatu ambayo kila mwanafunzi wa elektroniki hufundishwa katika mwaka wake wa kwanza. La kwanza ni diodi, yaani kifaa kipitishacho umeme upande mmoja tu. La pili ni mtambo wa kunyoosha umeme ili uweze kuendesha redio na vyombo vingine. La tatu ni namna ya kuiandaa transista ili ikuze sauti bila kuiharibu.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanaingiaje katika jarida la taaluma za Kiswahili? Jibu letu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa lugha. Mafundi wa redio wa miji yetu wamezungumza habari za umeme kwa Kiswahili kwa muda wa miaka mingi, huku darasani mambo hayo hayo yakifundishwa kwa Kifaransa. Lugha itumiwayo na fundi na lugha itumiwayo na mhandisi hazijakutana bado, na mwanafunzi ndiye alipaye gharama ya utengano huo.

Upande wa pili ni wa historia yenyewe. Vitabu vya shule husimulia habari za transista kana kwamba ilizaliwa katika maabara za ng'ambo na ikamalizikia huko huko. Havitaji kwamba madini ya jerimaniamu, ambayo transista za mwanzo ziliundwa kwayo, yalichimbwa kwa wingi Kipushi, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Kwa upande mwingine, wako wenzetu wanaodai kwamba bila Kipushi transista isingevumbuliwa kamwe. Madai ya kwanza yanatunyima haki yetu; ya pili yanatupa zaidi ya haki yetu. Tutajaribu kupita kati ya makosa hayo mawili.

2. Jiwe lisilotii kanuni

Mwaka 1874 mwanafizikia Mjerumani Ferdinand Braun alikuwa akipima umeme upitao katika mawe ya madini ya salfidi, mojawapo likiwa galena, yaani mtapo wa risasi. Aligusisha ncha ya waya juu ya jiwe, akapitisha mkondo. Aliona kwamba umeme ulipita kwa urahisi ulipoelekezwa upande mmoja, na ulipogeuzwa ulipita kwa shida. Kanuni ya Ohm, isemayo kwamba mkondo huongezeka kwa kadiri volteji inavyoongezeka, haikutimia katika jiwe lile. Wakati huo hakuna aliyejua matumizi ya jambo hilo.

Matumizi yalipatikana redio ilipozaliwa. Mawimbi ya redio hutikisa umeme mbele na nyuma mara maelfu mengi kwa sekunde moja, na sikio halisikii chochote katika mtikisiko wa namna hiyo. Lakini ukikata nusu moja ya mtikisiko, yaani ukiruhusu umeme uende mbele tu, kinachobaki hufuata umbo la sauti iliyotumwa. Mwanasayansi wa Kihindi Jagadish Chandra Bose aliomba hataza ya kipokezi cha galena mwaka 1901, akapewa Marekani mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Greenleaf Whittier Pickard alipata hataza ya kutumia silikoni kwa kazi hiyo hiyo. Redio za namna hii hazikuhitaji betri: jiwe, waya mwembamba, koili na kisikilizio vilitosha. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Msikilizaji alilazimika kutafuta kwa ncha ya waya mahali penye kuitika juu ya jiwe, na kila mtikiso wa meza ulimrudisha mwanzo.

Mwaka huo huo wa 1904, Mwingereza John Ambrose Fleming alipata njia nyingine. Ndani ya chupa ya kioo iliyoondolewa hewa aliweka uzi uliopashwa moto na bamba la chuma. Uzi wa moto hutoa elektroni. Bamba baridi halitoi. Kwa hiyo mkondo ulienda njia moja tu. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza waya wa tatu kati ya uzi na bamba, na hapo pakatokea kifaa kiwezacho kukuza mkondo dhaifu. Hizi ndizo valvu, ambazo watu wetu waliziita taa za redio, kwa kuwa kweli ziliwaka. Zilitawala kwa muda wa miaka 40, na jiwe likasahauliwa.

Vita vya 1939 hadi 1945 vililirudisha jiwe mezani. Mawimbi ya rada yalikuwa mafupi mno, na valvu hazikuweza kuyafuata kwa wepesi uliotakiwa. Ikabidi wataalamu wairudie ncha ya waya juu ya fuwele, safari hii kwa kusafisha silikoni na jerimaniamu kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1940 Russell Ohl wa maabara za Bell aligundua, ndani ya kipande kimoja cha silikoni, mpaka kati ya sehemu mbili zenye uchafu wa aina tofauti; na mpaka huo ndio uliopitisha umeme upande mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, kikundi cha Karl Lark-Horovitz kilishughulikia jerimaniamu. Mwaka 1946 diodi ya jerimaniamu iitwayo 1N34 ilikuwa ikiuzwa na kampuni ya Sylvania.

Tueleze sababu. Kila atomu ya jerimaniamu au ya silikoni ina elektroni nne za nje, nazo zote zimefungwa na jirani zake. Fuwele safi basi hupitisha umeme kidogo sana, na kwa hiyo huitwa nusukipitishi. Tukiichanganya na arseniki kidogo, yenye elektroni tano, moja hubaki huru: hiyo ni aina N. Tukiichanganya na indiamu, yenye elektroni tatu, panabaki pengo liwezalo kuhama: hiyo ni aina P. Mahali P inapokutana na N pana kizuizi. Volteji ikisukuma kutoka P kwenda N, kizuizi hushuka na mkondo hupita. Ikigeuzwa, kizuizi hupanda. Mvuvi wa Luapula ataelewa upesi: mgono humwachia samaki aingie wala haumwachii atoke. Ila mgono huu hudai ushuru. Jerimaniamu hutaka volti 0.2 au 0.3 kabla ya kufunguka, na silikoni hutaka 0.6 au 0.7.

3. Kunyoosha umeme

Umeme utokao ukutani hugeuka mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde. Transfoma huupenda umeme huo kwa sababu huweza kuushusha au kuupandisha, lakini redio hutaka mkondo uendao njia moja, kama utokao katika betri. Kazi ya diodi ni kuunyoosha.

Diodi moja ikiwekwa baada ya transfoma hupitisha nusu ya kila wimbi na kuitupa nusu ya pili. Diodi nne zikipangwa kama daraja huigeuza hata ile nusu ya pili, hivyo hakuna kinachopotea. Baada ya hapo huwekwa kapasita, ambayo hufanya kazi ya mtungi: hujaa wimbi linapopanda na humwaga linaposhuka.

Tufanye hesabu ili mwanafunzi aone. Transfoma inatoa volti 9. Kilele cha wimbi ni 9 mara 1.41, yaani volti 12.7. Katika daraja mkondo hupita diodi mbili za silikoni, nazo hutoza volti 1.4, hubaki 11.3. Ikiwa redio inakula miliampea 100 na kapasita ni mikrofaradi 1,000, mtungi hujazwa mara 100 kwa sekunde, na kati ya kujazwa mara mbili volteji hushuka kwa 0.1 kugawanya kwa 100 na tena kwa 0.001, yaani karibu volti 1. Kwa diodi moja tu, mtungi hujazwa mara 50, na upungufu huwa volti 2. Upungufu huo ndio mngurumo usikiwao katika redio mbovu. Ili kuupunguza zaidi hutumiwa diodi ya Zener, iitwayo kwa jina la Clarence Zener, ambaye mwaka 1934 alieleza jinsi kizuizi cha umeme kinavyoweza kuvunjika kwenye nguvu fulani. Diodi hiyo hutumiwa kwa kugeuzwa: volteji ikizidi kiwango chake, hupitisha ziada, na kiwango hubaki pale pale.

Lakini hesabu hii hudhani kwamba nyumba ina umeme, na hapa historia ya nchi yetu inaingia. Huku Katanga mtambo wa Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, ulianza kutoa umeme mwaka 1930. Nguvu hiyo ilikusudiwa migodi na viwanda vya shaba kwanza. Mitaa ya wafanyakazi na vijiji vilikuja baadaye, au havikuja. Kwa asiye na umeme ukutani, ugavi ulikuwa betri, ambayo watu wengi wa kwetu huiita mawe au mabuye.

Ng'ambo ya mpaka wetu, katika Rhodesia ya Kaskazini, jambo hili lilipata jibu lenye kukumbukwa. Mwaka 1949 Harry Franklin, aliyesimamia habari huko Lusaka, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza kutengeneza redio ya valvu yenye bei nafuu kwa Waafrika. Iliwekwa ndani ya kasha la duara lililotokana na sufuria, ikapewa jina la sufuria. Bei yake ilikuwa paundi 5, na betri ilikuwa shilingi 25, yaani robo ya bei ya redio yenyewe. Betri hiyo ilidumu saa 300 hivi. Valvu hutaka volteji ya namna mbili: ndogo ya kupasha uzi moto, na kubwa, mara nyingi volti 90, ya kuvuta elektroni. Fukara hakushindwa na redio. Alishindwa na mawe. Jambo hili tulikumbuke tutakapofika kwenye transista, maana huko ndiko faida yake kubwa ilikoonekana kwa watu wa kawaida.

Upo mfano mwingine mkubwa zaidi wa kunyoosha umeme katika nchi yetu. Mwaka 1982 ulianza kutumika mstari wa Inga hadi Shaba, wenye urefu wa kilomita 1,700 kutoka mtoni hadi Kolwezi, nao ulipokamilika ulikuwa mrefu kuliko yote duniani. Huko Inga umeme hunyooshwa kwa thairista, ambazo ni ndugu za diodi, zilizoundwa kwa silikoni, zikisubiri amri kabla ya kufunguka. Husafirishwa kwa volti 500,000 juu na 500,000 chini ya sifuri, kisha Kolwezi hugeuzwa tena kuwa wa kwenda na kurudi. Katika masafa marefu namna hii umeme ulionyooshwa hupotea kidogo kuliko ule mwingine. Lakini una tabia moja: transfoma haiwezi kuushusha. Ili kijiji kipate hata taa moja kutoka kwenye nyaya hizo, pangehitajika kituo kizima cha kuugeuza, na njiani hakikujengwa hata kimoja. Hivyo nyaya zilipita juu ya vijiji vya Bandundu, Kasai na Katanga bila kushuka. Mwanasiasa ataeleza jambo hili kwa njia yake. Mwanafunzi wa diodi ajue kwamba uamuzi wa kunyoosha au kutonyoosha umeme ulikuwa pia uamuzi wa nani atakayewashiwa taa.

4. Mwaka 1948

Tarehe 16 Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain waligusisha ncha mbili za dhahabu, zilizokaribiana sana, juu ya kipande cha jerimaniamu. Mkondo mdogo katika ncha ya kwanza ukatawala mkondo mkubwa zaidi katika ya pili. Mwezi uliofuata William Shockley aliandika nadharia ya transista ya tabaka tatu, isiyohitaji ncha za waya. Habari zilitangazwa kwa umma tarehe 30 Juni 1948. Katika mwezi huo huo wa Juni, karibu na Paris, Herbert Mataré na Heinrich Welker, waliofanya kazi katika kampuni ya Westinghouse ya Ufaransa, walipata kifaa cha namna hiyo hiyo bila kujua habari za Bell. Nao walikiita transistron. Bardeen, Brattain na Shockley walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956.

Jerimaniamu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886 na Clemens Winkler huko Freiberg, Ujerumani, baada ya Dmitri Mendeleev kutabiri mwaka 1871 kwamba elementi ya namna hiyo lazima iwepo. Kwa miaka 60 haikuwa na kazi yoyote kubwa. Jerimaniamu iliyotumiwa na Wamarekani katika utafiti wa wakati wa vita ilitokana na mabaki ya kusafishia zinki ya nchi yao wenyewe. Kwa hiyo si kweli kwamba transista ya kwanza ilitoka Kipushi.

Lakini tuangalie mwaka. Katika mwaka huo huo wa 1948, J. F. Vaes alichapisha maelezo ya madini mapya kutoka mgodi wa Prince Léopold huko Kipushi. Madini hayo yalikuwa yakiitwa bornite ya rangi ya chungwa, kwa kuwa yalifanana na mtapo wa shaba wa jina hilo. Tofauti yake moja ni kwamba huvutwa na sumaku. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani yake mlikuwa na shaba, zinki, chuma, arseniki, salfa, na jerimaniamu. Vaes aliyaita renierite, kwa heshima ya Armand Renier, aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia ya Ubelgiji. Wachimbaji walikuwa wameyatoa ardhini tangu miaka ya 1920 pamoja na shaba na zinki, nayo yalikuwa yakiingia tanurini bila mtu kuyajali.

Basi dunia ilipoanza kuitaka jerimaniamu, Kipushi ilikuwa tayari. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikusanya mitapo yenye jerimaniamu na kuipeleka Ubelgiji kusafishwa. Kati ya 1956 na 1978 mgodi ule ulitoa tani zipatazo 278 za jerimaniamu. Idadi hiyo yaonekana ndogo kwa mtu aliyezoea hesabu za shaba. Lakini transista moja hutumia kipande kidogo kuliko punje ya ulezi, na tani moja hutosha kwa mamilioni yasiyohesabika kwa urahisi.

Kilichokuwa kigumu ni usafi. Ili transista ifanye kazi, uchafu usiotakiwa hauruhusiwi kuzidi takriban sehemu moja katika 10,000,000,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 William Pfann wa Bell alipata njia ya kuyeyusha ukanda mwembamba wa fuwele na kuusogeza polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukisukuma uchafu mbele yake. Thamani ya jerimaniamu iliongezeka katika hatua hiyo, na hatua hiyo haikufanyika Katanga. Jiwe liliondoka na jina la Mbelgiji. Likarudi na chapa ya kiwanda, ndani ya redio ya kununuliwa.

5. Kuiegemeza transista

Transista ina miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Mkondo mdogo wa besi hutawala mkondo mkubwa wa kolekta. Sauti ni wimbi lipandalo na kushuka, lakini transista hujua njia moja tu, kama diodi. Ukiitia wimbi bila maandalizi, nusu ya chini hukatwa. Dawa yake ni kuipa transista mkondo wa kudumu hata pale ambapo hakuna sauti, ili wimbi lipande na kushuka juu ya mkondo huo bila kugusa sifuri wala kilele. Wafaransa huiita kazi hii polarisation. Sisi katika makala haya tunasema kuiegemeza transista, kwa maana ya kuipa mahali pa kusimama.

Njia rahisi ni kuunganisha kikinza kimoja kutoka kwenye betri hadi besi. Tuchukue betri ya volti 9, transista ya silikoni ikuzayo mkondo mara 100, na kikinza cha kilo-omu 3.9 kwenye kolekta. Tukitaka miliampea 1 katika kolekta, besi itahitaji mikroampea 10, na kikinza chake kitakuwa karibu kilo-omu 835. Kolekta itakaa kwenye volti 5.1, karibu na katikati, na wimbi litapata nafasi pande zote mbili. Hesabu imekubali.

Lakini transista mbili za jina moja, zilizotoka katika kasha moja, zaweza kukuza moja mara 100 na nyingine mara 200. Fundi akibadilisha transista iliyoungua, mkondo wa kolekta utakuwa miliampea 2, kikinza kitameza volti 7.8, na kolekta itabaki na volti 1.2 tu. Sauti itakatika. Fundi atalaumiwa, ingawa hakukosea. Kosa ni la aliyechora mzunguko akitegemea namba isiyotegemeka.

Njia bora ni hii. Weka vikinza viwili vinavyogawa volteji ya betri: kilo-omu 43 juu na kilo-omu 10 chini. Besi itakaa kwenye volti 1.7. Kisha weka kilo-omu 1 chini ya emita. Emita itakaa karibu na volti 1, na mkondo utakuwa karibu miliampea 1. Mkondo ukijaribu kuongezeka, volteji ya emita hupanda, tofauti kati ya besi na emita hupungua, na transista hujizuia yenyewe. Ukifanya hesabu kamili, ikuze mara 100 au mara 300, mkondo utabadilika kutoka miliampea 0.97 hadi 1.02 tu. Mzunguko huu haumwulizi fundi transista yake ni ya namna gani.

6. Joto

Jambo hili lilikuwa zito zaidi kwa jerimaniamu. Transista kama OC71 ya Philips, iliyotumika katika redio nyingi za miaka ya 1950, ilikuwa ndani ya kichupa cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Mafundi waligundua kwamba rangi ikikwanguliwa, transista huitika kwa mwanga. Sababu ni kwamba katika jerimaniamu elektroni zimefungwa kwa kamba nyembamba; mwanga kidogo au joto kidogo hutosha kuzifungua. Hata besi isipopewa kitu, upo mkondo unaovuja, nao huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto.

Tuchukue mfano wa mkondo wa kuvuja wa mikroampea 4 katika nyuzi 25. Katika nyuzi 45, hali ambayo redio iliyoachwa juani huifikia bila shida, utakuwa 16. Katika mzunguko wenye kikinza kimoja tu, transista huukuza uvujaji huo pia; ikiwa hukuza mara 50, tunapata miliampea 0.8 ambazo hakuna aliyeziomba. Mkondo huongeza joto, joto huongeza mkondo, na transista kubwa huweza kuungua yenyewe. Kwa hiyo katika nchi za joto kikinza cha emita hakikuwa pambo.

Mwaka 1954 silikoni ilifaulu: Morris Tanenbaum alitengeneza transista ya silikoni katika maabara za Bell mwezi Januari, na Gordon Teal wa Texas Instruments akatangaza ya kwake mwezi Mei. Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414, jerimaniamu kwenye 938. Huo ni ugumu kwa kiwanda, lakini uvujaji wake ni mdogo sana, na oksidi yake huilinda kama ganda. Mwaka 1959 Jean Hoerni alilitumia ganda hilo kutengeneza transista bapa, na katika miaka ya 1960 silikoni ikatwaa soko. Silikoni hutoka katika mchanga, na mchanga haukosekani popote.

Hata hivyo, katika ile miaka michache jerimaniamu ilitenda jambo ambalo halikufutika. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa, Regency TR-1 ya Oktoba 1954, ilikuwa na transista nne za jerimaniamu na betri ya volti 22.5. Zilizofuata ziliridhika na volti 9 au 6. Hapakuwa tena na uzi wa kupasha moto wala volti 90. Mawe manne au sita ya tochi yalitosha kwa wiki nyingi. Watu wa vijijini walioukaribisha uhuru wa 1960 wakiwa na sauti ya redio masikioni waliweza kufanya hivyo kwa sababu kizuizi cha bei ya betri kilikuwa kimeanza kushuka.

7. Suala la lugha

Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliandika mwaka 1982 kuhusu namna Kiswahili cha Shaba kinavyokopa maneno, akionyesha kwamba ukopaji huo ni kazi ya ubunifu wala si dalili ya umaskini. Tunakubaliana naye. Neno mawe kwa maana ya betri halikutungwa na kamati yoyote. Lilitungwa na wasemaji, nalo linaeleweka.

Kwa upande wa pili, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo ni hazina, lakini mwanafunzi wetu aliyesoma kwa Kifaransa hukutana ndani yake na maneno mengi yaliyopitia Kiingereza. Ndiyo sababu hapa tumeandika diodi, jinsi isikikavyo kwetu, huku tukipokea kikinza na nusukipitishi kutoka pwani. Tunaona kwamba jina la kifaa laweza kukopwa bila hasara. Lakini jina la tendo, kama kunyoosha, kuvuja na kuegemeza, lazima litoke ndani ya lugha, kwa kuwa ndilo linalobeba maelezo. Mwanafunzi anayesikia kwamba mkondo unavuja ameshafahamu nusu ya somo.

8. Hitimisho

Mgodi wa Kipushi ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Katika mwezi Agosti 2023 China, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa wa jerimaniamu, iliweka masharti ya kuiuza nje; na bei yake ikapanda, maana siku hizi madini haya hutumika katika nyuzi za kioo za mawasiliano, lenzi za kuonea gizani na seli za jua za satelaiti. Mwaka 2024 Gécamines, kwa njia ya kampuni yake ya STL, ilifanya mapatano na Umicore ya Ubelgiji juu ya jerimaniamu itokayo katika kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuri kinachotazamana na mji wa Lubumbashi. Mabaki hayo ni ya mitapo iliyoyeyushwa humo miaka na miaka, ya Kipushi ikiwamo.

Tumeona kwamba diodi hupitisha njia moja tu, na kwamba jambo hilo ni sifa katika mzunguko wa umeme. Katika mzunguko wa mali na elimu si sifa. Tofauti kati ya mtapo wa 1956 na mtapo wa leo haitaletwa na bei ya soko peke yake. Italetwa na idadi ya vijana wa Lubumbashi, Kolwezi na Kipushi wawezao kusafisha fuwele, kuchora mzunguko, na kumweleza fundi wa mtaani, kwa lugha anayoitumia kazini, kwa nini kikinza cha emita kimewekwa pale. Hilo laweza kuanza katika madarasa yetu bila kungoja mkataba wa mtu.